Watu kwa Maelfu

Chake Chake, 12 Februari 2006

Baba yangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Hujambo wewe, hajambo Mama, na kifua chako kinasemaje siku hizi? Mimi mzima, alhamdulillah. Shangazi Siti naye mzima, anakusalimu na anasema hata kama mmemsahau, yeye hajawasahau.

Barua hii nampa Bi Mize, kwa kuwa ndiye anayekuja huku kuuza pweza na kurudi, na simu ya Shangazi nikipiga huko kwetu haishiki. Nisamehe kwa mwandiko, naandikia mapajani.

Baba, nimepata pa kwenda asubuhi. Si kuajiriwa, ni kujitolea tu mpaka majibu ya mtihani wetu yatoke. Ni ile afisi ya mradi wa maji wa wageni. Karani wao amejifungua, na Shangazi akanipeleka bila ya kuniuliza. Mkuu wa afisi anaitwa Bwana Ghassan. Akaniuliza, "Kompyuta unaijua?" Nikaitikia kwa kichwa, lakini alikuwa anaangalia simu yake. Akauliza tena kwa sauti kubwa na watu wote wakageuka. Nikasema, "Kidogo." Akasema, "Kidogo inatosha, mimi sijui hata hicho." Wakacheka, na mimi nikatamani niingie chini ya meza.

Kazi yangu ni pawapointi. Hiyo ni programu unayoandikia kurasa, halafu kuna mashine inayozitupa ukutani, kubwa kama mlango, watu ukumbini wakasoma wote kwa pamoja. Ukurasa mmoja wanauita slaidi. Mimi natengeneza majedwali, yaani vile visanduku vya mistari kama tulivyokuwa tukichora skuli, na ndani ya kila kisanduku inakaa namba. Bwana Ghassan hapendi namba zikae ovyo. Anataka mamoja chini ya mamoja na makumi chini ya makumi. Jana alinambia, "Khairat, hizi zinacheza ngoma, zitulize."

Habari kubwa nimeiweka mwisho makusudi. Mradi utapeleka bomba kwa vitongoji vya Kiuyu ambavyo visima vyao vimeingia chumvi au vinaanza kuingia, na Mivinjeni yetu imo. Nimeiandika mimi mwenyewe kwenye jedwali. Mwambie Mama.

Binti yako,
Khairat


Mivinjeni, Kiuyu, 27 Februari 2006

Kwa mwanangu Khairat,

Wa alaykum salaam. Sisi huku wazima kwa uwezo wa Mola, na wewe tunakuombea uzima huo huo. Kifua kipo, lakini hakinilazi. Shangazi yako mwambie hakusahauliwa, ila njia ya kwake ina milima.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza peke yangu, na ya pili kwa sauti kwa ajili ya mama yako, ambaye alinirejesha pale penye jina la Mivinjeni mpaka nikamwambia basi, mke wangu, herufi zitafutika. Alichukua ndoo zake akaenda zake Mbirimbini, na nadhani njia nzima alikuwa akitabasamu.

Maana huko Mbirimbini unakujua. Tangu uchaguzi uishe hawatusalimu, na wanawake wao wanakaa juu ya kisima kama wamekichimba kwa kucha zao. Wiki iliyopita mmoja alimwambia mama yako, "Mbona mwaja kwetu? Nendeni mkachote kwa chama chenu." Mama yako akachota akaondoka. Amerudi na nusu ndoo, nusu nyengine kamwagiwa miguuni.

Nimelitaja jambo lako barazani. Pengine sikutakiwa, lakini nimelitaja. Abrahman akasema, "Basi mwambie aongeze na mbuzi wangu, nao wanywa maji." Mzee Duni, unamjua, yule mwenyekiti wa tawi letu la chama, hacheki haraka. Akasema tangu vyama vingi vije hakuna kitu kilichotoka afisini kikafika Mivinjeni, kila kitu kinakwama kwa wenzetu. Nikamwambia, "Safari hii mwenye kuandika ni wa kwetu." Baraza nzima ikanyamaza. Mwanangu, sijapata kuinyamazisha baraza hii tangu niizowee.

Andika vizuri. Kaa na watu vizuri. Usitembee wakati wa magharibi.

Baba yako,
Hashil


Chake Chake, 19 Machi 2006

Baba yangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Natumai nyote wazima na Mama miguu haimuumi. Huku mvua zimeanza kuchungulia. Mimi mzima ila silali vizuri, na sababu nitakueleza.

Nimefurahi kusikia kwamba Mivinjeni imekuchagua wewe uende Wete kwenye mkutano wa mradi Jumatano. Nitakuwepo, nitakaa mbele kwenye kompyuta na kubonyeza slaidi zipite. Usinipungie mkono, Baba, nitaona haya.

Sasa jambo lenyewe. Hesabu ya watu wa kila kitongoji imo kwenye programu nyengine, ile ya mahesabu. Kule namba inavaa nguo. Ukitaka ionekane na nukta, itaonekana na nukta, ukitaka ionekane fupi, itaonekana fupi, lakini ukibonyeza kisanduku unaiona mwenyewe chini ya nguo, nzima. Mivinjeni ni watu 412. Wewe umo na Mama umo.

Wageni walileta slaidi yao ya mfano, na kwenye mfano huo safu imeandikwa "Watu kwa maelfu", kwa sababu nchi nyengine wanazofanyia kazi ni kubwa. Bwana Ghassan akasema na yetu ikae vivyo hivyo, tena bila nukta, namba moja moja safi. Nikaibonyeza. Mbirimbini, ambao ni 1,630, wakawa 2. Na Mivinjeni ikawa 0, kwa kuwa hatufiki hata nusu elfu.

Halafu nikainakili kuipeleka pawapointi. Huko, Baba, nguo ndiyo inayokwenda na mtu anabaki. Ukiibonyeza ile sifuri kwenye slaidi, chini yake hakuna kitu. Ni sifuri kweli.

Nilimfuata Bwana Ghassan chumbani kwake. Nilisimama mlangoni muda mpaka akauliza, "Umepigiliwa misumari?" Nikamwambia, "Mivinjeni imetoka sifuri." Akaja akaangalia ukutani. Akasema, "Ndiyo, kwa maelfu ni sifuri. Wataelewa." Nikasema, "Tuweke nukta moja." Akasema, "Tukiweka kwa mmoja tuweke kwa wote, na safu itakuwa pana, na jedwali litaingia kwenye picha ya bomba. Acha, mwanangu. Imependeza."

Nikaiacha. Nakuandikia ili ukiiona usishtuke. Wewe ukipata nafasi useme tupo 412.

Binti yako,
Khairat


Mivinjeni, 2 Aprili 2006

Kwa Khairat,

Salamu. Sisi wazima.

Barua yako ya Machi nimeipata juzi. Bi Mize aliuguliwa na mjukuu, hakutoka nyumbani wiki nzima. Kwa hivyo nilikwenda Wete bila ya kujua kitu.

Nilivaa kanzu ya Idi. Mama yako aliipiga pasi kwa makaa ya nazi. Nilikaa safu ya pili ili nione vizuri. Wa Mbirimbini walikuwa nyuma yangu. Ukaja ukurasa wako ukutani, na mimi nikatafuta jina letu, nikaliona, nikafuata mstari kwa kidole hewani kama mtoto wa chuo cha Kurani, mpaka nikafika mwisho. Yule mgeni akasema, na Bwana wako Ghassan akatafsiri, kwamba sehemu zisizo na wakaazi bomba halitafika kwa awamu hii.

Nikasimama. Wewe uliniona nimesimama. Nikasema, "Mimi nimetoka Mivinjeni. Mimi nani, basi?" Mtu wa Mbirimbini akasema, "Kaa chini mzee, wewe sifuri." Ukumbi ukacheka, hata na maofisa wakacheka. Nikakutazama wewe. Ulikuwa umeinamia ile kompyuta. Ukabonyeza, ukurasa ukapita.

Nimerudi. Sikwenda barazani siku tatu. Siku ya nne Mzee Duni amekuja mwenyewe nyumbani na watu. Wamesema tumefutwa. Wanasema ndiyo kisasi cha kura zetu. Wanajua mkono ulioandika ni wako, kwa sababu nilijisifu mimi. Wanataka kujua nani alikuamuru.

Nami nataka kujua.

Baba yako


Chake Chake, 10 Aprili 2006

Baba yangu,

Assalaam alaykum. Naomba barua hii ikukute na afya, wewe na Mama. Mimi sijambo.

Nisamehe. Nilikuona. Niliinama kwa sababu kama ningeinua uso ningelia mbele ya watu. Nilibonyeza kwa sababu Bwana Ghassan alinigusa bega akasema, "Pitisha." Kidole kilikwenda kabla ya mimi.

Lakini Baba, hakuna aliyeniamuru kutufuta. Naapa. Bwana Ghassan hata sijui yuko chama gani, na sidhani kama anajua Mivinjeni iko upande gani wa Kiuyu. Alitaka safu iwe nyembamba. Ni hilo tu. Vipo vitongoji vyengine viwili vidogo vilivyotoka sifuri, na kimoja ni cha wenzetu wa chama kile, na nao wamekosa bomba.

Nimemwendea tena. Safari hii sikusimama mlangoni, niliingia. Nimemwomba jedwali lisahihishwe na lipelekwe kwa wageni kabla hawajaondoka. Amesema ataangalia. Nitamkumbusha kila siku, hata kama naogopa.

Tafadhali waeleze watu hivyo. Waeleze ni nguo ya namba.

Binti yako,
Khairat


Mivinjeni, 1 Mei 2006

Kwa binti yangu,

Wa alaykum salaam. Tuko salama. Mvua za huku zimekamata, muhogo unaota, kisima kimezidi chumvi.

Nimejaribu kuwaeleza. Nilianza na ile nguo. Abrahman akaniuliza, "Kwa hivyo tulivuliwa?" Watu wakacheka. Sikujaribu tena.

Sikiliza, mwanangu, nikwambie kitu ambacho hapa siwezi kumwambia mtu. Kuchukiwa nakuweza. Nimechukiwa tangu mtoto, kwanza kwa ukoo wetu, kwamba baba zetu walikuwa na mashamba, halafu kwa kura yangu. Mtu akikuchukia anakujua. Anajua unapokaa, anakuhesabu mmoja mmoja. Lakini wewe waniambia mtu hakunichukia wala hakunijua, kanifuta ili ukurasa upendeze. Hilo nilipeleke wapi? Niwaambie wanaume wazima, mabibi zenu wanatukanwa kisimani kwa sababu jedwali lilikuwa linagusa picha?

Hawatalikubali, na mimi mahali pao nisingelikubali.

Basi sema kwamba walikuamuru. Usitaje jina la mtu, sema "niliamriwa" peke yake. Neno moja. Hapo wewe utakuwa mtoto wa watu uliyelazimishwa, na mimi nitakuwa baba wa mtoto aliyelazimishwa, na wote tutakaa barazani kama zamani. Ukisema kosa la mashine, unabaki ni wewe tu uliyetuandika sifuri kwa mkono wako.

Fikiri. Mama yako anakulilia.

Baba yako,
Hashil


Chake Chake, 18 Juni 2006

Baba yangu,

Assalaam alaykum. Nawaombea afya njema. Shangazi anasalimu. Mimi nimekonda kidogo lakini sina ugonjwa.

Nimechelewa kujibu kwa sababu nilitaka kwanza nikuletee habari njema. Jedwali limesahihishwa. Nilimfuata Bwana Ghassan mpaka akaniita kupe. Mwisho akakubali nukta moja, na herufi tukazipunguza ili zisiguse picha. Sasa imeandikwa Mivinjeni 0.4, Mbirimbini 1.6. Imepelekwa kwa wageni.

Wageni wamejibu. Wamesema ahsante, sahihisho litaingia katika ripoti ya mwakani. Mabomba ya mwaka huu yameshagawiwa. Mbirimbini wanaanza kuchimbiwa wiki ijayo.

Halafu Bwana Ghassan akaniita, akafunga mlango. Akasema wageni wanauliza kosa lilitokeaje, na yeye ana familia. Akasema, "Wewe bado mdogo, kosa la mtoto hakuna anayelishika. Andika kwamba uliibonyeza vibaya bila ya mimi kujua." Nikamwambia, "Lakini nilikwambia." Akasema, "Ulinong'ona, Khairat. Wewe kila kitu unanong'ona. Nani amekusikia?"

Sikuandika. Siku ya pili karani wao akarudi na mtoto mgongoni, na mimi nikaambiwa ahsante.

Baba, huku wanataka niseme ni mimi peke yangu, na huko mnataka niseme niliamriwa. Mimi nimeona kitu kimoja kwa macho yangu, na hakuna anayenitaka niseme hicho. Majibu ya mtihani yametoka, nimepasi daraja la tatu. Nilikuwa nimepanga kukuandikia hilo kwa furaha.

Nije nyumbani?

Binti yako,
Khairat


Mivinjeni, 23 Julai 2006

Kwa mwanangu Khairat,

Wa alaykum salaam wa rahmatullah. Hongera kwa kupasi. Mama yako alipiga kigelegele kimoja uani, kidogo, halafu akatazama kama majirani wamesikia.

Hiyo 0.4 yako imefika hapa kabla ya barua, sijui kwa njia gani. Watu wa Mbirimbini wanatuita Nukta. Mama yako akifika na ndoo wanasema, "Mpisheni, Nukta huyo kaja." Na sisi kwa sisi tunaitania. Jana Abrahman alisema, "Kama sote twafika nukta nne, basi mimi nimeandikwa ukucha. Wewe Hashil kwa urefu wako huenda ukapata goti." Nilicheka. Nilikuwa sijacheka muda mrefu, nikaona hata kifua kimefunguka.

Kwa hivyo usidhani watu wamenitupa. Nimerudi barazani, na nitakwambia nimerudi vipi. Nimewaambia. Nimesema, "Mwanangu aliamriwa. Walimfungia chumbani wakamwambia andika sifuri." Chumba nimekiongeza mimi. Mzee Duni alinishika mkono na machozi yakamtoka. Watu wametuma kuku kwa mama yako.

Sasa Mzee Duni anataka Jumamosi ya tatu ya Agosti usimame mkutanoni, hapa hapa uwanjani kwetu, useme mwenyewe. Nimemwambia wewe ni mwoga wa watu. Amesema maneno mawili yatatosha, mengine atayasema yeye. Vitongoji vyengine watakuja.

Ndiyo, njoo nyumbani. Umeniuliza nami nakujibu, njoo. Njia nimeshakusafishia. Ukifika usiseme jengine.

Baba yako,
Hashil


Chake Chake, 27 Agosti 2006

Baba yangu,

Assalaam alaykum. Sijui kama utaifungua. Natumai kifua hakijakusumbua kwa ajili yangu, na Mama mzima. Mwambie nguo alizonifungia haraka haraka nimefika nazo zote, na gari nilipanda salama.

Nataka ujue kwamba sikuja na nia ile. Wiki nzima kwa Shangazi nilikuwa nikijifunza kusema "niliamriwa" mbele ya kioo. Naliweza. Usiku ule wa kuamkia Jumamosi ulipokuja ukakaa ukingoni mwa kitanda changu na kuniletea halua ya Wete, nilisema moyoni, nitamfanyia Baba.

Kisha Mzee Duni akanipa kipaza sauti, kikalia, watu wakaziba masikio wakacheka, na mimi nikakutafuta. Ulikuwa umekaa mbele kwa ile kanzu. Nikasema, "Niliamriwa." Wakapiga makofi. Ningerudi kukaa hapo, mambo yangekwisha. Lakini Mzee Duni akauliza kwenye kipaza sauti, "Uliamriwa tufutwe kwa sababu ya chama chetu, sivyo?" Na mbele yangu kabisa walikaa mama wawili wa kile kitongoji chengine kidogo, wa chama kile, waliokuja kusikiliza kwa sababu nao waliandikwa sifuri. Walitembea jua lote lile. Walikuwa wananiangalia wakisubiri.

Nikasema, "La. Niliamriwa nipunguze nukta ili ipendeze. Hawakujua kama tupo."

Najua nilisema polepole, lakini kile chombo kilikuza. Sikusikia makofi wala matusi. Nilisikia mtu mmoja akisema, "Ati nini?" Halafu nikakuona umesimama ukaondoka kwa kupitia katikati ya watu, na hakuna aliyekupisha.

Baba, sikufanya kwa kiburi. Unanijua, mimi siwezi hata kudai chenji yangu dukani. Maneno yalikuwa yamekaa muda mrefu, basi yakatoka.

Ramadhani inakuja. Niruhusu nije Idi. Sitazungumza na mtu, nitakaa uani na Mama, nitakaanga maandazi. Nakubusu mikono.

Binti yako,
Khairat


Mivinjeni, 8 Oktoba 2006

Kwa mwanangu Khairat,

Wa alaykum salaam. Saumu zinakwenda vizuri, sote tunafunga. Barua yako niliifungua siku ile ile aliyonipa Bi Mize. Kujibu ndiko kulikochelewa.

Ulilosema uwanjani ni kweli. Nilijua ni kweli tangu ile barua yako ya nguo ya namba. Nimekuwa baba yako tangu siku uliyozaliwa na hujapata kunidanganya hata kwa kipande cha sukari guru. Nataka ulijue hilo kutoka kwangu, kwa kuwa hapa hutalisikia kwa mtu.

Sasa sikiliza. Baada ya siku ile nilikaa ndani mpaka nikaona kuta zinanijia. Kisha nikatoka. Nikawaambia barazani kwamba ulitishwa na watu wa afisini kabla ya kuja, kwamba hata yale uliyoyasema kwenye kipaza sauti walikutia wao mdomoni. Wameniamini. Au wameamua kuniamini, sijui, nami sikuuliza. Wamenisogezea mkeka. Jioni tunafuturu pamoja, na Abrahman ananipa tende za mwanzo. Mimi ni mtu mzima, Khairat, nina kifua kibovu na kisima cha chumvi. Sina kitu chengine ila pale pa kukaa.

Ukija, hata ukikaa uani, hata usiseme neno, watu watakuona na watakumbuka ulivyosema. Na mimi nikikuona sitoweza kulisema tena neno langu. Nisipolisema, sina mkeka.

Kwa hivyo usije Idi. Wala ile kubwa.

Mama yako aliniuliza nimekuandikia nini. Nimemwambia nimekwandikia uje, na kwamba nimekusamehe. Amefurahi sana, ameshaanza kukusanya samli. Siku ya Idi utakapokuwa hukuja, atajua ni wewe hukutaka. Atalia, halafu atazowea. Nakuomba usimpe Bi Mize maneno mengine ya kumfikishia, na katika barua zako nyengine, kama utaandika, usilitaje hilo, kwa sababu ni mimi ninayemsomea.

Vaa viatu mvua ikianza. Msalimu shangazi yako.

Baba yako,
Hashil